Sanduku la magazeti kando ya barabara Marekani: mwongozo kamili wa kuliweka lisibebwe na jiji

Mambo huwa ni yaleyale. Jamaa wametoa gazeti lao la Kiswahili, wamechangishana, wamenunua sanduku la bati lenye mlango wa kioo, wamelisimamisha jioni karibu na duka linalouza unga na dagaa. Wiki ya pili wanapita pale, sanduku halipo. Wanaamini limeibwa. Siku chache baadaye inafika barua: limebebwa na lori la jiji, liko bohari, na kulikomboa ni kwa pesa.

Nimepokea simu za namna hii mara nyingi. Wengi hupiga wakiwa na hukumu tayari: "Hawaipendi lugha yetu." Pengine mahali fulani ni kweli, na Hatua ya 9 inaeleza la kufanya. Lakini masanduku karibu yote niliyokwenda kuyatazama kwa macho yangu yaliponzwa na inchi au na karatasi. Moja lilisogea mno kwenye bomba la zimamoto. Jingine halikuwa na namba ya simu. La tatu bima yake ilikwisha muda na hakuna aliyekumbuka.

Mwongozo huu ni wa sanduku linalosimama kwenye njia ya waenda kwa miguu katika mji wa Marekani, liwe la kulipia kwa sarafu au la bure. Kila mji una sheria yake. Namba za New York ninazozitaja humu ni za kujifunzia kupima. Usiende nazo Columbus, Louisville au Dallas ukadhani zitakufaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Sheria ndogo ya mji wako, imechapishwa kwenye karatasi, na kalamu ya kupigia mstari.
- Tepu ya kupimia ya futi 25.
- Chaki ya kuchorea chini.
- Simu yenye kamera inayohifadhi tarehe na mahali picha ilipopigwa.
- Daftari la masanduku peke yake. Usilichanganye na hesabu za matangazo.
- Hati ya bima ya dhima, yaani ile inayomlipa mtu aliyeumizwa na kitu chenu, kwa jina la gazeti au la chama chenu.
- Stika isiyoharibiwa na maji, yenye jina, anwani, simu na barua pepe.
- Nakala mbili za toleo la karibuni.
- Bolti za kufungia kwenye zege, au uzito wa kuweka ndani ya sanduku, kutegemea mji wako unataka kipi.
- Mtu wa pili wa kushika ncha ya tepu.

Sanduku lenyewe halimo kwenye orodha, na nimeliacha kwa makusudi. Usilinunue bado. Watu hununua kwanza kwa sababu wameliona kwa bei nzuri, kisha wanagundua ni refu kuliko mji unavyoruhusu, au rangi yake hairuhusiwi mtaa ule.

## Hatua ya 1: Hakikisha ardhi ni ya nani

Njia inayoonekana kuwa ya umma inaweza kuwa ya mtu. Mbele ya supamaketi, kwenye kituo cha mafuta, ndani ya eneo la maegesho, unahitaji ruhusa ya mwenye eneo, na kibali cha jiji hakikusaidii kitu.

Kinyume chake ndicho kinachotuponza zaidi. Mwenye duka ni mtu wetu. Anakwambia, "Weka tu kaka, hapa ni kwangu," na anasema kwa moyo safi. Lakini kwake kunaishia kizingitini. Kuanzia kizingitini hadi barabarani mara nyingi ni pa jiji, na ruhusa yake haina uzito pale.

Kuna na sehemu za serikali zisizo njia za kawaida. Viwanja vya ndege vina kanuni zao. Posta nazo vilevile: mwaka 1990, katika kesi iliyotoka Bowie, Maryland, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu posta kuzuia watu kuomba michango kwenye njia yake inayotoka maegesho hadi mlangoni. Kwa hiyo usidhani kila sakafu ya zege iliyo wazi kwa watu ina haki zilezile za njia ya mtaani.

Fungua ramani ya viwanja kwenye tovuti ya kaunti, tazama mstari wa mpaka unapita wapi, kisha iandikie Idara ya Kazi za Umma ya mji swali moja: "Je, njia ya miguu mbele ya anwani hii iko chini yenu?" Hatua hii imekamilika jibu likiwa mkononi kwa maandishi. Neno la mdomo la karani halihesabiki.

## Hatua ya 2: Itafute sheria ndogo na uisome hadi mwisho

Miji mingi imeweka sheria zake kwenye tovuti za Municode, American Legal Publishing au eCode360. Ndani yake andika neno newsrack, yaani sanduku la magazeti. Lisipoleta kitu, jaribu newspaper vending. Usipopata chochote, nenda kwenye sura ya vizuizi barabarani, kwa sababu miji midogo hulificha jambo hili humo.

Soma kwanza sehemu ya maana za maneno. Hapo utajua kama sanduku la gazeti la bure linahesabiwa sawa na la sarafu. Kisha piga mstari chini ya kila "lazima", kila "marufuku", na kila namba. Hamishia yote kwenye ukurasa mmoja wa daftari: ukubwa, umbali, ada, bima, siku za kujibu notisi, siku za kukata rufaa.

Tahadhari mbili hapa. Ya kwanza ni mitaa ya kihistoria. Huko Beacon Hill, Boston, masanduku yalipigwa marufuku kabisa, na mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakubali marufuku hiyo, ikiangalia kwamba wakazi wangeweza kupata magazeti madukani, kwa wauzaji wa mkononi na kwa kupelekewa nyumbani. Mtaa wako ukiwa wa namna hiyo, ni heri ujue leo.

Ya pili ni makabati ya pamoja. San Francisco, kwa mfano, iliwahi kuwa na sehemu za mji ambako magazeti yalikaa kwenye kabati moja lenye vyumba vingi lililofungwa chini, na huko uliomba chumba badala ya kuleta sanduku lako.

## Hatua ya 3: Jua jiji lina haki ya kukudai nini

Hatua hii wengi huiruka, kisha wanafika dirishani wakiwa wapole mno au wakali mno. Kesi mbili zinatosha kukusimamisha vizuri.

Ya kwanza ni ya Lakewood, mji ulio jirani na Cleveland, Ohio. Sheria yake ilimwachia meya kutoa au kunyima kibali, na kuongeza masharti yoyote mengine ambayo yeye ameona ni ya lazima na yanafaa. Gazeti la Plain Dealer lilikwenda mahakamani bila hata kuomba kibali. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu iliamua upande wa gazeti hilo kwa kura 4 dhidi ya 3. Sababu yake iweke kichwani: afisa aliyepewa hiari isiyo na mipaka anaweza kumnyima anayemkosoa na kumpa anayemsifu, na hakuna kipimo cha kumshika nacho. Kwa hiyo kibali kinaweza kudaiwa, lakini vigezo lazima viwe vimeandikwa.

Ya pili ni ya Cincinnati. Mwaka 1990 jiji liliagiza masanduku 62 yaondolewe kwa sababu yalikuwa na machapisho ya biashara: masomo ya watu wazima na matangazo ya nyumba. Magazeti ya kawaida, yenye masanduku kati ya 1,500 na 2,000, yaliachwa. Jiji lilisema linajali usalama na sura ya mitaa. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikasema sababu hiyo haiendani na kitendo: sanduku la gazeti la kawaida linaziba njia sawasawa na la matangazo ya nyumba, na kuondoa 62 hakubadilishi mtaa.

Kwa mtu wa mtaani maana yake ni hii. Jiji linaweza kukuuliza sanduku liko wapi, lina ukubwa gani, limefungwaje, nani anawajibika likimwangukia mtu. Linaweza kutoza ada inayolingana na gharama ya kazi yake. Likianza kukuuliza ndani mmeandika nini, au kwa lugha gani, limevuka mpaka.

Ukifika mahali unaweza kusoma ukurasa wako wa daftari na kuweka alama mbele ya kila sharti, "hili la mahali" au "hili la maneno", basi uko tayari kuzungumza na yeyote dirishani.

## Hatua ya 4: Pima mahali, na upime kwa miguu yako

Hapa ndipo masanduku mengi hufia. Tenga saa nzima, mchana, siku ya kazi.

Tuchukue New York kama mfano. Sheria yake inataka futi 8 za njia zibaki wazi kwa wapitao. Inakataza sanduku ndani ya futi 15 za bomba la zimamoto, ndani ya futi 5 za njia ya magari kuingia kwenye jengo, ndani ya futi 15 za mlango wa stesheni ya treni, na ndani ya kituo cha basi. Haliruhusiwi juu ya vifuniko vya mashimo, wavu wa hewa, wala mlango wa stoo ya chini.

Sasa shika tepu. Sema njia ina upana wa futi 12 toka ukingo wa barabara hadi ukuta. Sanduku lina kina cha futi 2, na umeliacha futi 1 na nusu kutoka ukingoni ili mlango wa gari ukifunguliwa usiligonge. Futi 12 ukitoa 3 na nusu, zinabaki 8 na nusu. Umepita.

Usifunge tepu bado. Geuka utazame ukuta. Ngazi za jengo lile zinatokeza futi 1 na nusu. Mtu hapiti ndani ya ngazi. Kwa hiyo kipimo cha kweli kinaanzia kwenye ukingo wa ngazi, na zinabaki futi 7. Umeanguka, na mkaguzi akija atapima palepale penye ngazi. Sogea hatua sita kushoto, ngazi zinakoishia, upime tena. Nimewaona watu waangalifu kabisa wakipima hadi ukutani na kurudi nyumbani na furaha.

Baada ya upana, zunguka kwa mpangilio huu:

1. Bomba la zimamoto pande zote mbili za mtaa wako.
2. Kona na zebra. Dereva anayegeuka lazima amwone mtoto aliyesimama nyuma ya sanduku.
3. Mteremko wa viti vya magurudumu kwenye kona. Usiuguse hata kwa inchi.
4. Miti, nguzo za taa, mita za maegesho.
5. Kituo cha basi.

Kituo cha basi nakiongelea zaidi kwa sababu ndicho kinachotuvuta. Watu wanasubiri pale, wana dakika kumi za kusoma, unaona ni mahali palipoumbwa kwa ajili yako. Siku moja nilisimama na mama mmoja aliyekuwa ameweka sanduku lao zuri kabisa hatua mbili kutoka alama ya basi. Basi likaja, mlango wa mbele ukafunguka, dereva akateremsha ubao wa kushushia viti vya magurudumu. Ncha ya ubao ikagota kwenye sanduku. Mzee aliyekuwa kwenye kiti akabaki ndani ya mlango, mikono juu ya magurudumu, sisi sote tukimtazama, hadi tulipolisukuma sanduku pembeni kwa mabega. Yule mama hakuhitaji kusomewa sheria. Alilihamisha siku ileile.

Viwango vya shirikisho vya watu wenye ulemavu vinataka pale abiria anaposhukia pawe wazi inchi 60 kufuata ukingo wa barabara na inchi 96 kwenda ndani. Chora mstatili huo kwa chaki mbele ya alama ya basi. Sanduku likae nje yake, na nje ya kila umbali ambao mji wako umeongeza juu.

Njia ya kupita nayo ina kiwango cha chini. Viwango vya shirikisho vya 2010 vinasema inchi 36. Miongozo ya njia za umma iliyotolewa mwaka 2023 inasema inchi 48. Kama sheria ya mji wako iko kimya, acha 48 au zaidi. Mtu mwenye kiti cha magurudumu akipita pale, utafurahi hukubana.

Mahali pako pamekubali kama una picha nne: moja ikionyesha tepu kutoka kwenye mstari wa chaki wa sanduku hadi kizuizi kilicho karibu zaidi, moja hadi bomba, moja ya mtaa mzima kulia, moja kushoto.

## Hatua ya 5: Sasa nunua sanduku

Chukua vipimo kwenye daftari lako uende navyo. New York inataka lisizidi inchi 50 kwa urefu, 24 kwa upana na 24 kwa kina. Mji wako utakuwa na zake.

Angalia mguu. Asiyeona hupapasa njia kwa fimbo iliyo chini, karibu na ardhi. Sanduku linalofika chini fimbo inaligusa, naye anapita pembeni. Sanduku lililokaa juu ya nguzo moja nyembamba, tumbo lake likianzia juu ya inchi 27, fimbo inapita chini yake na uso unafika kwanza. Kama lazima uchukue la nguzo, tumbo lisitokeze zaidi ya inchi 4 nje ya mguu wake.

Angalia na kishikio. Kiwe kati ya inchi 15 na 48 kutoka chini, kifunguke kwa mkono mmoja bila kufinya wala kusokota. Jaribu mwenyewe ukiwa umeketi kwenye kiti.

Rangi isubiri. Najua kila mtu anataka sanduku lenye rangi za nyumbani, na kama mji unaruhusu, lipake, linapendeza na watu hulitambua toka mbali. Lakini mji wa Coral Gables, Florida, ulidai masanduku yote yawe na rangi moja na herufi za namna moja, na mwaka 1994 mahakama ya rufaa ikaona ni halali. Matangazo ya biashara ubavuni nayo hukatazwa miji mingi. Jina la gazeti na tovuti yake kwa kawaida ndiyo mwisho.

## Hatua ya 6: Bima, kisha ombi

Bima ndiyo inayotisha watu, na ni ya haki. Upepo ukiangusha bati la kilo nyingi juu ya mguu wa mtoto, lazima awepo wa kulipa. Sheria ile ya Lakewood ilidai bima ya dola 100,000. Mji wako utataja kiwango chake. Mpelekee wakala wa bima ukurasa wenyewe wa sheria. Ukimwelezea kwa maneno atakupa bima ya ofisi isiyofika barabarani.

Miji mingi hutaka jina la jiji liandikwe ndani ya bima kama mwenye kukingwa naye. Hili likikosekana, ombi linarudi. Kama chama chenu tayari kina bima kwa ajili ya sherehe na ukumbi, uliza kwanza kama inaweza kuongezewa masanduku. Mara nyingi ni nafuu kuliko kuanza upya.

Ombi lenyewe ni rahisi ukifika hapa: fomu, ramani yenye alama, picha nne, hati ya bima, ada. Miji mingine, New York ikiwemo, inakutaka uiarifu idara na uthibitishe kwamba kila sanduku limefuata sheria. Usichukulie kwamba hapo mambo ni mepesi. Maana yake ni kwamba kosa ni lako tangu siku ya kwanza.

Peleka kwa njia inayoacha alama: barua pepe yenye jibu la kupokelewa, au mkono kwa mkono ukigongewa muhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Sheria ikitaja siku za kujibu, ziandike kwenye kalenda. Zikipita bila jibu, andika barua fupi ya kukumbusha, ukitaja kifungu. Usiweke sanduku kwa hasira ya kucheleweshwa.

## Hatua ya 7: Lisimamishe

Nenda asubuhi na mtu wako wa pili. Chora tena mstari kwa chaki, pima tena, kwa sababu huenda kuna kitu kipya kimeongezwa mtaani tangu ulipopima.

Mgongo wa sanduku uelekee barabarani na mlango uelekee njiani, ili msomaji asisimame kwenye lami kuchukua gazeti. Kama mji unataka bolti, hakikisha umeruhusiwa kutoboa. Chini ya zege kuna nyaya na mabomba, na kabla ya kutoboa popote Marekani unapiga 811 waje kuweka alama, huduma hiyo ni bure. Kama mji unataka uzito, weka mifuko ya mchanga au bamba za chuma sakafuni mwa sanduku.

Usilifunge kwa mnyororo kwenye mti, taa wala nguzo ya alama. Miji mingi imekataza, na mnyororo ndiyo kitu mkaguzi huona toka ndani ya gari.

Bandika stika yako mahali pa kuonekana. Lisukume kwa bega mara tatu. Lisipotikisika, mlango ukijifunga wenyewe, na mtu akapita na mkokoteni wa mtoto bila kupindisha, umemaliza. Piga picha nne zilezile.

## Hatua ya 8: Litunze kama duka

Sanduku tupu linageuka pipa la taka ndani ya siku chache, na likishakuwa pipa, jirani anapiga simu kwa jiji. Sheria ya New York hairuhusu likae tupu zaidi ya siku saba mfululizo. Kama gazeti lenu ni la mwezi, acha nakala za akiba za kujazia.

Panga zamu. Kila anayepita ajaze mstari mmoja kwenye daftari: tarehe, nakala alizoweka, zilizobaki, hali ya mlango, michoro, kutu. Michoro ifutwe siku ileile, kwa sababu ukiuacha mmoja kesho unakuta mitano. Miji ya kaskazini ongeza theluji: koleo liwe kwenye gari, na njia ya kulifikia sanduku isafishwe na wewe, huku ukiangalia theluji yako usiitupe kwenye mteremko wa kona.

Tarehe ya bima na ya kibali ziandikwe kwenye simu za watu wawili, na kengele ya siku 30 kabla.

## Hatua ya 9: Notisi ikija

Kwanza soma siku ulizopewa. Sheria nyingi hutoa muda wa kurekebisha kabla ya kubeba, isipokuwa sanduku likiwa hatari papo hapo.

Nenda na tepu siku hiyohiyo. Kama wamesema kweli, sogeza, piga picha, andika umetengeneza. Usibishane kwa ajili ya heshima; sanduku lililosogezwa futi 2 bado linagawa magazeti.

Kama hawakusema kweli, andika barua. Itakuwa ya Kiingereza, basi mkalishe kijana wako mezani uitunge naye, lakini mambo yawe haya: namba ya notisi na tarehe, kifungu walichotaja, kipimo chako na picha zake, ombi la kusikilizwa kabla ya sanduku kuondolewa, na jina la kumjibu. Barua ya ukurasa mmoja inasomwa. Ya kurasa nne inawekwa pembeni. Ifike kabla ya siku ya mwisho, hata kama kuna mambo bado unatafuta.

Hutokea pia kwamba hakuna kifungu kilichotajwa. Au mtu wa ofisini ameuliza, "Hili gazeti linasema nini?" Au masanduku ya Kiingereza yaliyo mita chache, yakiwa na kosa lilelile, hayakuguswa. Hapo usipaze sauti. Andika maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, siku, saa na ofisi. Piga picha masanduku yale mengine na tepu ikiwa juu yake. Omba kwa maandishi kifungu cha sheria. Kisha tafuta wakili kabla hujajibu zaidi: tawi la ACLU, shirika la kutetea haki za raia, katika jimbo lako, Reporters Committee for Freedom of the Press ambao wana simu ya msaada wa kisheria kwa wanahabari, au kliniki ya sheria ya chuo kikuu kilicho karibu. Watakuuliza daftari na picha. Ndiyo maana tulizipiga.

Kama limeshabebwa, likomboe ndani ya muda uliotajwa hata kama unapinga, na kwenye risiti andika kwamba unalipa huku ukipinga. Lililopitwa na muda linaweza kuuzwa au kuyeyushwa, na ushindi wa baadaye hautakurudishia bati.

## Mji ukikataa kabisa

Rafu ndani ya duka la vyakula, saluni, msikiti, kanisa, ofisi ya wakimbizi, maktaba ya umma. Hapo ruhusa ni ya mwenye mahali tu. Na mtu anayesimama njiani akigawa gazeti kwa mkono ana ulinzi mkubwa wa kikatiba: toka 1938, katika kesi ya Lovell dhidi ya mji wa Griffin, Georgia, Mahakama ya Juu ilikataa sheria iliyotaka kibali cha mkuu wa mji kabla ya kugawa karatasi. Jumamosi moja nje ya soko, vijana watatu wenye mifuko wanaweza kumaliza nakala ambazo sanduku lingekaa nazo mwezi.

## Ukiliondoa mwenyewe

Fungua nati, kata bolti usawa wa sakafu, jaza matundu kwa zege la kukauka haraka na ulilainishe mtu asijikwae. Piga picha ya mahali palipobaki. Peleka picha hiyo kwa idara pamoja na namba ya kibali, uombe sanduku lifutwe kwenye orodha yao, na subiri jibu la maandishi kabla hujamwambia wakala wako asimamishe bima.